Paulo Hakusema "Ni Mapenzi ya Mungu"

Hotuba kwa wazee wa kanisa, wanakwaya na viongozi wa vijana, Mwanza

Bwana Yesu asifiwe.

Wazee wangu, akina mama, na nyie vijana wa kwaya mliokaa karibu na mlango kwa sababu mnazozijua wenyewe, asanteni kunialika. Mada mliyonipa ni ndefu kuliko muda mlionipa: tumaini la Mkristo na kusudi la Mungu nyakati za majanga. Kwingine ningeanza na Ayubu, au na Yeremia. Lakini hapa ni Mwanza. Kila aliyemo humu ndani ana mtu wake anayesafiri kwa maji, na wengine wana mtu wao ambaye hakurudi. Basi tufungue Matendo ya Mitume, sura ya 27. Mwenye Biblia ya simu aifungue hiyo hiyo, ila WhatsApp ipumzike kwanza.

Wakati mnatafuta, niseme jambo ambalo huenda likawakera baadhi yenu. Hakuna msiba tunaokwenda tusisikie kwamba kazi ya Mungu haina makosa. Msemaji wa familia ataisema, mgeni rasmi ataisema, na siku hizi tunaichapisha kwenye fulana pamoja na picha ya marehemu. Mimi naiamini sentensi hiyo. Kazi ya Mungu haina makosa. Lakini kazi ya nahodha inayo. Kazi ya mkata tiketi inayo. Kazi ya mkaguzi aliyetakiwa kuzuia chombo kisiondoke, akageuza uso upande wa pili, hiyo inayo makosa mengi sana. Tabia yetu ni kuichukua kazi ya mkata tiketi, tukaiandika jina la Mungu juu yake, tukafunga jalada, tukaenda kula pilau.

Tarehe 21 Mei 1996 MV Bukoba ilikuwa inatoka Bukoba, imepitia Kemondo, inakuja huku kwetu. Ilipinduka asubuhi ikiwa imekaribia kufika Mwanza. Chombo kilichoruhusiwa kubeba abiria 430 hivi kiliua watu zaidi ya 800. Wenye umri wangu mnakumbuka redio, mnakumbuka siku tatu za maombolezo, mnakumbuka habari ya watu waliosikika wakigonga bati kutoka ndani ya meli iliyopinduka, na tundu lililotobolewa ili watolewe, hewa ikatoka, meli ikashuka chini nao. Wengi tuliwazika Igoma. Na mpaka leo hakuna anayeweza kukutajia idadi kamili ya waliokufa, kwa sababu orodha ya abiria haikuwa kamili. Kuna watu walipanda bila jina lao kuandikwa popote.

Miaka 22 baadaye, Alhamisi ya tarehe 20 Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere kilitoka Bugolora kwenda Ukara. Ilikuwa siku ya gulio. Watu wamenunua mahindi, sabuni, vitu vya dukani, wanarudi nyumbani. Uwezo wa kivuko ulikuwa watu 101. Kilipinduka mita chache tu kabla ya gati la Bwisya, mahali ambapo wanaokupokea wanaona sura yako. Waliokufa walizidi 220. Waliookolewa walikuwa 41, na wa mwisho wao alikuwa fundi wa kivuko aliyetolewa akiwa hai siku ya tatu, amejibana kwenye chumba cha injini palipobaki hewa kidogo.

Nimetaja ajali mbili za ziwa hili hili, na sababu ni moja: watu wengi kuliko chombo. Sasa mtu akija kwenye mkeka wa mama aliyepoteza watoto pale Ukara akamwambia, "Mama, ni mapenzi ya Mungu," huyo mama anasikia nini? Anasikia kwamba Mungu ndiye aliyejaza kivuko.

Haya, tusome.

Paulo ni mahabusu. Anapelekwa Roma akahukumiwe mbele ya Kaisari, chini ya akida mmoja, yaani mkuu wa askari wa Kirumi, jina lake Yulio. Wamepanda merikebu kubwa ya Iskanderia yenye shehena ya ngano. Wamefika mahali panaitwa Bandari Nzuri, huko Krete, na msimu wa kusafiri umekwisha. Luka anasema siku za kufunga zilikuwa zimepita, yaani ni vuli, na wakati huo mwenye akili yake alikuwa anafunga chombo na kungoja majira mapya. Paulo anawaambia wazi: safari hii italeta hasara, ya mzigo na ya chombo na ya maisha yetu pia. Mstari wa 11 ndio watu wengi wanaupita bila kushtuka. Akida akamsikiliza nahodha na mwenye merikebu kuliko Paulo.

Hapo ndipo ajali ilipotokea. Upepo ulikuja kumalizia tu. Luka hasemi kwa nini mwenye merikebu alitaka kuondoka. Sisi tunaoishi na wenye vyombo tunaweza kukisia. Anachosema ni kwamba ile bandari haikuwafaa kukaa wakati wa baridi, na walio wengi wakashauri waondoke. Walipiga kura, kwa maneno mengine. Halafu upepo wa kusini ukavuma taratibu, wakaona mambo yamekaa sawa, wakang'oa nanga. Wavuvi mliomo humu, nyie mnajua ziwa linavyoweza kukuchekea saa kumi na mbili asubuhi.

Baada ya hapo ni Eurakilo, ule upepo wa dhoruba. Luka anaisimulia tufani kama mtu aliyekuwemo, na kweli alikuwemo. Wanauvuta mtumbwi wa merikebu kwa taabu. Wanaifunga merikebu kwa kamba chini isipasuke. Siku ya pili wanatupa shehena, siku ya tatu wanatupa vyombo vya merikebu kwa mikono yao wenyewe. Jua halionekani, nyota hazionekani, na zamani zile bila jua na nyota nahodha hajui alipo. Mwisho Luka anaandika kwamba tumaini lote la kuokoka likawa limekatika.

Naomba mkae hapo kidogo. Anayeandika ni Luka, tabibu, mwandishi wa Injili, mtu aliyekuwa akisafiri na mtume. Haandiki kwamba wale mabaharia wapagani walikata tamaa huku sisi Wakristo tukiimba pambio. Anajihesabu humo. Kwa hiyo wewe ambaye mwaka huu umefika mahali huwezi hata kuomba, unafungua mdomo usiku na hakuna kinachotoka, usiruhusu mtu akwambie umemkana Kristo. Mwandishi wa Matendo ya Mitume amepita hapo, na hakulifuta alipokuwa anasahihisha kitabu chake. Zaburi ya 88 nayo inaishia gizani, haina hata mstari mmoja wa shangwe mwishoni, na tumeachiwa kwenye Biblia hivyo hivyo.

Katikati ya giza lile Paulo anasimama. Hebu tungekuwa sisi. Tungesimama na kusema, "Wapendwa, Mungu ana makusudi yake." Tungeanza na wimbo. Paulo anaanza hivi, mstari wa 21: iliwapasa kunisikiliza, msing'oe nanga kule Krete, msipate madhara haya na hasara hii. Ndiyo sentensi yake ya kwanza baada ya siku nyingi za dhoruba! Watu wanatapika, hawajala, yeye anaanza na kosa lilipofanyika. Kuna wahubiri wanaoona haya kwa niaba ya Paulo hapo, wanasema alikosa busara ya kichungaji. Mimi naona alikuwa mchungaji hasa. Aliwatendea kama watu wazima. Aliwaambia kwamba walichofanya kina jina, ni uamuzi mbaya, nao waliufanya wao. Halafu, akiwa amekwisha kuisema kweli hiyo, ndipo akawaambia wachangamke.

Nimetafuta sura nzima. Paulo hasemi popote kwamba dhoruba ile ilikuwa mapenzi ya Mungu. Maneno hayo yapo kwenye Matendo, ndiyo, sura ya 21 mstari wa 14. Pale Kaisaria ndugu wanalia, wanamsihi asipande kwenda Yerusalemu kwa sababu atafungwa, yeye anakataa, wanaacha wakisema, mapenzi ya Bwana yatendeke. Angalieni yanapotumika: mtu mzima amejua hatari iliyo mbele, ameichagua mwenyewe kwa ajili ya jina la Yesu. Hayakutumika kumfunikia mwenye merikebu aliyeondoka wakati usiofaa.

Najua mzee mmoja ameshaanza kutikisa kichwa. Anataka kuniuliza: kwani Mungu hatawali? Anatawala, mzee wangu. Usiku ule malaika alisimama karibu na Paulo akamwambia asiogope, hana budi kusimama mbele ya Kaisari, na Mungu amempa watu wote wanaosafiri pamoja naye. Mungu hakushindwa na Eurakilo. Lakini angalieni kusudi lenyewe lilivyo. Tunapenda kusema "Mungu ana kusudi na maisha yako" tukimaanisha nyumba itakamilika, mtoto atafaulu, biashara itafunguka. Kusudi alilotangaziwa Paulo ndani ya dhoruba ni kwamba ataokoka majini ili akapelekwe mahakamani. Kaisari mwenyewe wa wakati ule ni Nero. Paulo akawapa na habari nyingine ambayo hakuna nabii wa siku hizi angeitoa kwenye mkesha: merikebu itapotea, na hatuna budi kutupwa kwenye kisiwa fulani. Chombo kinakwenda. Mzigo umekwenda. Kinachobaki ni watu.

Kwa hiyo nikisikia kanisa linasema tuna tumaini, swali langu huwa, mnatumaini kubaki na nini? Yapo mambo Mungu hakutuahidi kwamba yatabaki. Mradi unaweza kufa. Kazi inaweza kuisha. Kuna akina mama hapa Mwanza waliouza vitanda vyao kulipa mikopo ya kausha damu, na mwanaume mmoja akasimama kwenye ibada akawaambia ni jaribu kutoka kwa Bwana. Jamani! Ile ni riba. Ina mtu aliyeipanga, ana ofisi, ana daftari.

Turudi merikebuni, kwa sababu sasa linakuja jambo ambalo kwangu ndilo kiini cha sura hii.

Usiku wa kumi na nne mabaharia wanahisi nchi kavu i karibu. Wanapima kina, pima 20. Mbele kidogo, pima 15. Wanatupa nanga nne nyuma wanaomba kukuche. Halafu wanashusha mtumbwi, wanajifanya wanakwenda kuweka nanga za mbele, kumbe wanatoroka. Wenye ujuzi wa chombo wanataka kuwaacha abiria. Paulo anamwambia akida na askari: hawa wasipokaa ndani ya merikebu, ninyi hamtaweza kuokoka. Askari wanakata kamba, mtumbwi unaanguka.

Lakini si Mungu ameshaahidi kwamba hakuna atakayepotea? Ameahidi. Paulo mwenyewe ndiye aliyetangaza. Sasa kwa nini anahangaika na mabaharia? Kama ahadi ipo, si tulale, ahadi ifanye kazi? Mtume aliyeamini ahadi kuliko mtu yeyote kwenye chombo kile ndiye aliyekuwa macho saa ile, anaangalia nani anashusha mtumbwi. Kwake ahadi ya Mungu na ubaharia wa watu havikugombana hata kidogo. Mungu amesema mtaokoka, kwa hiyo hao wanaojua usukani wasiondoke.

Ndiyo maana nachoka nikimwona Mkristo anapanda mtumbwi wenye injini pale mwaloni, anapewa jaketi okozi, analikalia. Analikalia, ndugu zangu, kama mto wa kiti, asilowe. Ukimuuliza anasema Mungu ni mlinzi. Paulo alikuwa na malaika, na bado alitaka mabaharia wabaki.

Kulipokaribia kupambazuka Paulo akasema jambo lingine ambalo si la kiroho hata kidogo. Kuleni. Leo ni siku ya kumi na nne mnangoja, hamjala kitu. Kuleni, ni kwa ajili ya wokovu wenu. Akatwaa mkate, akamshukuru Mungu mbele ya watu wote, akaumega, akaanza kula. Hakuwahubiria mahubiri marefu. Alitafuna mbele yao. Wakachangamka wote, wakala nao.

Niliwahi kukaa kwenye msiba ambao mwili ulikuwa haujapatikana majini. Siku ya tatu, mama mwenye msiba alikuwa hajaweka kitu mdomoni, na kila aliyeingia alikuwa na aya yake. Akaja mwanamke mmoja wa jumuiya, mtu ambaye hata kusoma aya hajui vizuri, na chupa ya chai yenye uji wa mchele ulioungwa karanga. Akaketi kwenye mkeka, akamimina kwenye kikombe cha plastiki, akaupoza kwa kuupuliza, muda mrefu tu, bila kusema kitu. Akampa. Mama akanywa funda mbili, halafu ndipo akaanza kulia, maana mpaka hapo alikuwa hajalia. Sisi wachungaji na wazee tulikuwa tumekaa kwenye viti chini ya turubai tunapanga ratiba. Nikikumbuka Paulo na ule mkate, nawaza kile kikombe.

Sasa someni mstari wa 37. Nasi sote tuliokuwamo merikebuni tulikuwa watu 276.

Kwa nini Luka anatuandikia idadi? Alikuwa anaweza kusema watu wengi. Ameandika 276, wakiwemo wafungwa wasio na majina, watumwa pengine, watu ambao dola ya Rumi isingewakumbuka. Chombo kile kilichokuwa kinavunjika kilikuwa na hesabu kamili ya abiria. Meli yetu ya mwaka 1996 haikuwa nayo. Kama mnataka kujua tumaini la Kikristo linafanana na nini likiwa ofisini, likiwa gatini, likiwa na kalamu mkononi, mimi nawaonyesha mstari huu. Mungu anayezijua nywele za vichwa vyetu kwa hesabu hawezi kufurahia mtoto wa mtu kupanda chombo bila kuandikwa. Karani anayekataa kupokea elfu mbili ili ampitishe abiria wa ziada, na akaandika kila jina, huyo anamtumikia Mungu kwa kalamu yake saa ile ile sisi tuko kwenye maombi ya kufunga.

Kulipokucha, merikebu ikakwama na kuanza kuvunjika. Askari wakataka kuwaua wafungwa wasije wakaogelea wakatoroka. Akida akazuia. Wanaojua kuogelea wakatangulia, wengine wakafuata juu ya mbao na juu ya vipande vya merikebu, na wote wakafika nchi kavu salama.

Wote 276. Hapa ndipo ninyi mliopoteza watu mna haki ya kuniuliza, na mimi sitaki kukwepa. Wale wa Bukoba je? Hapakuwa na Wakristo waliokuwa wanaomba mle ndani? Walikuwepo. Bila shaka kulikuwa na nyimbo na Baba Yetu mle ndani, na walikuwepo Waislamu waliotamka shahada. Kwa nini hawa wakafika wote, na wale hapana?

Sina jibu la kwa nini, na mtu akikuuzia jibu hilo, muulize amelitoa wapi. Ila Biblia haijatuficha swali hilo. Paulo aliwaandikia Wakorintho, kabla ya safari hii ya Roma, kwamba mara tatu alivunjikiwa jahazi, na mchana kutwa na usiku kucha alikaa kilindini. Mara tatu! Luka hajatuandikia hata moja. Hatuambiwi malaika alikuja au hakuja, hatuambiwi nani alizama pembeni ya Paulo huku yeye ameng'ang'ania ubao. Na Matendo sura ya 12 Herode anamuua Yakobo ndugu yake Yohana kwa upanga, kisha anamkamata Petro, na Petro anatolewa gerezani na malaika. Sura ile ile, kanisa lile lile. Hakuna mstari unaosema mama yake Yakobo aliomba vibaya.

Mtu akisema waliokufa walikosa imani, au walikuwa na dhambi, Yesu ameshamjibu. Mnara wa Siloamu uliwaangukia watu 18, akauliza, mwadhani walikuwa wakosaji kuliko wote waliokaa Yerusalemu? Akajibu mwenyewe kwamba sivyo. Na pale Melita, kisiwa walichofikia, tunaona jinsi hukumu hizi zinavyotengenezwa. Nyoka anamng'ata Paulo, wenyeji wanasema huyu ni mwuaji, haki haikumwacha. Wanangoja avimbe. Asipovimba, wanageuka, wanasema ni mungu. Kutoka mwuaji mpaka mungu ndani ya muda wa kuotea moto, na mara zote mbili wamekosea. Maoni mengi yanayotembea baada ya ajali yana uzito huo huo.

Ila wenyeji hao hao, na hili Luka amelisema kwanza, waliwasha moto. Mvua inanyesha, kuna baridi, watu 276 wametoka majini hawana kitu, na watu wasiojua hata jina la Yesu wanawafanyia wema usio wa kawaida. Tarehe 6 Novemba 2022 ndege ya abiria iliyotoka Dar es Salaam ilianguka ziwani karibu kabisa na uwanja wa Bukoba. Ilikuwa na watu 43. Walikufa 19, wakapona 24. Wa kwanza kufika walikuwa wavuvi na mitumbwi yao, na kijana mmoja mvuvi alipiga mlango kwa kasia. Hakungoja aulize hawa ni dhehebu gani. Ukitaka kujua Mungu alikuwa wapi asubuhi ile, usianze kutafuta mawinguni. Anzia kwenye ile mitumbwi.

Na mtume wetu, amelowa, hajalala wiki mbili, mfungwa, anafanya nini pale ufukweni? Anaokota kuni. Ndivyo alivyong'atwa na nyoka: alikuwa anakusanya mzigo wa kuni auweke motoni. Kusudi kubwa la kwenda kwa Kaisari lilikuwa bado linamsubiri mbele, miezi mitatu na zaidi. Kwa jioni ile kusudi la Mungu lilikuwa kuni. Vijana wengi mnanijia mnalia kwamba hamjajua kusudi la Mungu maishani mwenu, na nyumba ya jirani yenu ina msiba na hakuna aliyekwenda kuchota maji.

Lakini kuni na uji havitoshi, na nisipolisema hili nitakuwa nimewapa ustawi wa jamii nikaita Injili. Ipo familia hapa ambayo haikuzika. Walikwenda kila siku gatini, wakatazama kila mwili, wa kwao hakuwemo. Hawana kaburi la kupalilia. Kwao neno langu ni Ufunuo sura ya 20, mstari wa 13: "Bahari ikawatoa wafu waliokuwamo ndani yake." Yohana aliyaandika hayo akiwa amefungiwa kisiwani, Patmo, maji pande zote. Anasema maji yatadaiwa. Kila aliyemezwa anatolewa, aliyeandikwa kwenye orodha na ambaye hakuandikwa. Sisi hatutumaini kwamba marehemu wanaishi mioyoni mwetu. Mioyo yetu nayo itakufa. Tunatumaini ufufuo, kwa sababu Yesu wa Nazareti aliuawa na uamuzi mbaya wa watu, gavana akanawa mikono, na siku ya tatu Mungu akamfufua. Petro alipohubiri Pentekoste aliyasema yote mawili kwa pumzi moja: ninyi mlimwua, Mungu akamfufua. Hakulifuta la kwanza ili la pili lipendeze. Na sisi tunaweza kusema palikuwa na uzembe, waliohusika wajibu, na papo hapo tukasema watafufuka.

Nimemaliza upande wa maneno. Yaliyobaki ni kazi, nayo naomba wazee mnisikilize.

Kila mwaka tarehe 21 Mei kuna kumbukumbu ya MV Bukoba. Kanisa hili liende Igoma kama kanisa, na watoto wa Jumapili waende, wakasimame pale waelezwe kilichotokea na kwa nini. Wale ambao wana mtu asiyepatikana, mchungaji achukue majina yao yasomwe kanisani siku hiyo. Vijana wajifunze kuogelea. Ni aibu mtoto kuzaliwa Kirumba akafikisha miaka 20 akiogopa maji ya kiunoni. Na mkipanda chombo mkaona kimejaa kupita kiasi, shukeni, hata kama mmelipa. Mkiambiwa mnachelewesha wenzenu, jibuni kwamba mtume Paulo naye alitaka kuchelewesha.

Kwaya ina safari ya Nansio Pasaka hii. Mwenyekiti wa kwaya, baada ya sala usiondoke, njoo hapa mbele na kalamu. Tutaandika jina la kila mmoja na namba ya simu ya nyumbani kwao, nakala moja ibaki kwa katibu wa kanisa. Majaketi okozi tutayahesabu Jumamosi, na yakipungua, idadi ya wanakwaya itapungua vilevile, hata kama wa kubaki ni soprano yenu bora. Tusimame tuombe.